Mvua Haijui Ratiba ya Masomo

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa sekondari msingi, pwani ya Kenya

Hamjambo wazazi wangu, hamjambo walimu wenzangu. Naona wazee wetu wamesimama pale nyuma. Vijana, wapisheni viti, tafadhali. Ahsanteni.

Nianze kwa kuungama. Muhula wangu wa kwanza wa kufundisha Gredi ya 7, katika shule nyingine, niliwapa wanafunzi kazi ya mradi: kila mmoja atengeneze kinu kidogo cha upepo, akilete Jumatatu. Jumatatu meza yangu ikajaa. Vingine vya maboksi, vingine vya makopo, na kimoja kilikuwa kizuri mno. Kimepakwa rangi, kina ngazi ya vijiti, ukikipuliza kinazunguka bila kukwama. Nikakipa alama zote. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikamuuliza mwenyewe, "Hebu waeleze wenzako, haya mabapa umeyapinda hivi kwa nini?" Kijana akatazama chini, akasema, "Mwalimu, fundi hakunieleza hapo."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nilijiuliza alama zile nilimpa nani.

Nanyi wazazi hamcheki bure, mnajua ninachosema. Saa tatu usiku mtoto ndiyo anakumbuka kuna mradi wa kesho. Manila hakuna, gundi imekauka, saiba imefungwa. Mtoto anasinzia kwenye kochi, mama amekaa sakafuni anakata maboksi. Wapo humu ndani wazazi ambao, tukizitazama alama sawasawa, wamefaulu Gredi ya 7 vizuri kabisa.

Kwa hivyo leo nina jambo moja tu. Kazi ya mradi imetoka darasani ikahamia sebuleni kwenu, na nataka irudi. Itarudi siku tutakapoacha kuanza na kitu cha kutengeneza, tukaanza na swali. Na swali lenyewe liwe lile ambalo mwalimu mmoja akilishika peke yake, atabaki na nusu ya jibu mkononi.

Mtaala wa umilisi unataka hivyo. Wanafunzi wa kundi la kwanza walipoingia Gredi ya 7 Januari 2023 walikuta masomo hadi 14, na mwaka 2024 yakapunguzwa yakawa 9. Kwa mtaala huu mtoto wako anasoma Sayansi Jumuishi badala ya fizikia, kemia na baiolojia mbalimbali, na Kilimo kimeunganishwa na Lishe. Kuunganisha majina ni kazi ya karatasi. Kazi ngumu ni kuwaunganisha walimu, maana sisi tumezoea kila mtu na kipindi chake cha dakika 40, kengele ikilia unachukua chaki zako unaondoka.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili ni geni. Aprili 1899, mjini Chicago, John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alisimama mbele ya wazazi kama nilivyosimama mimi hapa, akieleza kwa nini katika shule yake watoto wanashona, wanapika na kuchonga mbao. Aliwapa mfano wa pamba. Watoto walipewa pamba mbichi na sufi ya kondoo. Wakakaa nusu saa wakichambua pamba kwa vidole, kutoa mbegu, na kundi zima likapata nyuzi zisizofika gramu 30. Hapo wakaelewa wenyewe kwa nini wazee wao walivaa sufi zaidi kuliko pamba kabla ya mashine ya kuchambulia kubuniwa. Hiyo ni historia, na waliigundua kwa kucha zao.

Karibu nasi zaidi, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Wengi tunakumbuka jembe tu. Lakini ukisoma aliyoyaandika, shamba la shule lilikuwa pia mahali pa kujifunzia: wanafunzi wapange, waamue, wajaribu mbolea, wapime mavuno, wayaone matunda ya uamuzi wao. Shangazi yangu alisoma Tanga miaka ya sabini, na ukimtajia hayo anacheka mpaka anashika mbavu. Anasema wao waliamua jambo moja tu, nani atabeba majembe. Na sisi tuliosoma mfumo wa zamani wa 8-4-4 tusiwacheke jirani. Nani hapa hakuwahi kununua mwiko sokoni akaupeleka shuleni kwamba ameuchonga mwenyewe? Inueni mikono. Naona wengine mnainua nusu.

Sasa njooni kwenye lile tangi mlilolipita langoni.

Mnajua kisima cha shule hii ni cha maji chumvi. Siku moja, katikati ya masika, mtoto wa Gredi ya 7 aliuliza kwa nini tunayaacha maji ya paa yamwagike uwanjani, kisha Januari tunakunywa ya mkokoteni. Kwa kawaida mwalimu angejibu, "Swali zuri, kaa chini." Safari hii tulikuwa walimu wanne ofisini, mimi wa Hisabati, na wa Sayansi, wa Kiswahili na wa Mafunzo ya Jamii, na tukakubaliana kulishika. Tuliliandika ubaoni likakaa hapo muhula mzima: *Je, paa la madarasa mawili linaweza kutunywesha kiangazi chote?*

Kazi ya kwanza ni kujua paa lina ukubwa gani. Wavulana wakataka kupanda juu na utepe wa kupimia. Nikakataa, si kwa kuogopa wataanguka tu. Nikawauliza mvua inaanguka vipi. Ikazuka kelele. Wengine wanasema paa lina mteremko, kwa hivyo ni kubwa kuliko sakafu, lazima lipimwe lenyewe. Msichana mmoja akachukua daftari, akalishika wima, akaliinamisha, akasema, "Likiinama, linakinga mahali padogo." Basi wakapima chini, pale paa linapofunika: mita 20 kwa mita 8. Mita za mraba 160. Na mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Hilo hawakuniamini mpaka tulipochora boksi na kulijaza kwa hesabu.

Kisha kipimamvua. Unakata chupa ya maji, shingo unaipindua iwe faneli, chini unaweka changarawe na maji kidogo mpaka mstari wa sifuri, kwa sababu tako la chupa lina mabonde. Kila kundi likatengeneza chake papa hapa shuleni, hakuna kwenda nacho nyumbani. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi makundi matano yana milimita kati ya 23 na 25. Kundi la sita lina milimita 96. Walikuja mbio kama waliofunga bao dakika za nyongeza!

Tulipochungulia, tukaona wamechukua faneli kubwa ya jikoni wakaichomeka juu ya chupa ile ile. Mdomo wa faneli ulikuwa mpana mara mbili ya chupa. Nikasema, haya, mara mbili, basi ingekuwa 48. Imekuwaje 96? Hapo, ndugu zangu, nilipata kipindi cha eneo la duara ambacho sijawahi kukipata miaka yote niliyoandika kanuni ubaoni. Wakachora duara kwenye karatasi ya miraba, wakahesabu miraba, wakachora la kipenyo maradufu, wakahesabu tena. Mara nne. Mvulana mwenye faneli alipigwa na butwaa, kisha akakasirika kwamba hatukuwahi kuwaambia hivyo. Tuliwaambia mwezi uliotangulia. Imo kwenye daftari lake.

Hesabu ikaendelea. Mvua ya milimita 25 juu ya paa lile ni lita 4,000. Tukatoa moja ya tano kwa yanayoruka nje, yanayokauka juu ya bati moto, na yale ya mwanzo yanayobeba vumbi na mavi ya kunguru, ambayo lazima yaachwe yapite. Zinabaki lita 3,200. Kwa hivyo mvua tatu kama hiyo karibu zijaze tangi la lita 10,000.

Mwalimu wa Mafunzo ya Jamii akawapeleka Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa. Mimi nilidhani ni matembezi tu. Kumbe mle ndani kuna birika la wazi la kukinga mvua, na kuna kisima kirefu ambacho maji yake yana chumvi, kama chetu. Watoto waliowahi kukariri kwamba Waomani waliizingira ngome ile kuanzia 1696 hadi 1698 walisimama kwenye ukingo wa birika wakaanza kuuliza: walikuwa watu wangapi, walikunywa lita ngapi, vuli ilikuwaje. Na wa Sayansi akapata mlango wa kueleza kwa nini visima vyetu vina chumvi, namna jiwe la matumbawe lilivyo na vitundu na maji ya bahari yanavyopenya chini.

Kiswahili je? Kwanza lilikuja neno. Ule mfereji wa kukinga maji ya paa, watoto wote wanauita *gata*. Mlinzi wetu, mzee wa hapa hapa, akawauliza, "Mnataka kufunga mlizamu?" Hawakulijua. Mwalimu wao alikula kipindi kizima kwa neno hilo. Kisha wakaandika barua rasmi kwa bodi ya shule kuomba mabati, vyuma na tangi. Barua ya kwanza ilirudishwa, na ilistahili: ukurasa wa salamu na shukrani, wala bei hamna. Ya pili ilikuwa fupi, ina jedwali. Nyinyi wazazi ndio mliotoa pesa, na nasikia mlisema hamkuwahi kuona barua ya shule inayoeleza inachotaka.

Sitaki niwauzie sukari tupu. Mradi unakula muda. Wiki mbili nilikuwa nyuma ya mpango wangu wa masomo, na sehemu na desimali hazifundishiki zote juu ya paa. Mazoezi ya daftari yana siku zake. Tatizo jingine ni alama. Upimaji wa shuleni katika Gredi ya 7 na 8 una asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, asilimia 20, na KJSEA, ule wa Gredi ya 9, asilimia 60. Mwalimu akiona vile, anashawishika kukusanya kitu cha kupiga picha na kujaza fomu. Sisi tulichofanya, na wenzangu mnaweza kukijaribu, ni kumpa mtoto alama kwa daftari la mradi: alichodhani, alichopima, alipokosea na alivyojua amekosea. Kundi la faneli lilipata alama za juu kuliko yote. Wazazi wawili walikuja kulalamika.

Na jibu la swali letu? Hapana, kwa tangi moja la lita 10,000 paa halitoshi. Sekondari msingi yetu ina wanafunzi 240. Kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, tangi linaisha siku ya 42, na muhula wa kwanza una siku kama 60 za masomo. Walihuzunika kweli. Wakagawa upya, ikatoka karibu lita 0.7 kwa mtu kwa siku, wakakubaliana anayehitaji zaidi aje na chupa kutoka kwao. Tangi likajaa kwa mvua za vuli, nao wakaingia Gredi ya 8 na zamu ya kusoma mpira ule mwembamba unaoonyesha kimo cha maji. Kwa matumizi yao, maji hushuka kama sentimita 4 kwa siku.

Asubuhi moja ya Februari msichana wa zamu akakuta yameshuka sentimita 18. Akahesabu, akaja ofisini na karatasi: lita zaidi ya 500 zimekwenda. Hatukuhitaji mpelelezi. Choo kipya kilikuwa kinajengwa na mwashi alikuwa akichota kwenye tangi. Mwalimu mkuu akaisoma karatasi, akamwita mwashi, akamwambia achote kisimani. Tukadhani yameisha. Mvulana wa faneli akanyoosha mkono. "Mwalimu, maji ya kisima yana chumvi. Chumvi inakula nondo."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Vipindi vyangu viwili vya Hisabati siku hiyo vilikuwa mjadala: ni sehemu gani za choo zina nondo, zinahitaji ndoo ngapi, mtungi wa lita 20 wa mkokoteni ni shilingi ngapi, na nani alipe. Wakamaliza kwa pendekezo kwamba linta na slabu zikorogwe kwa maji ya kununua, na kisima kitumike kwenye kuosha koleo, karai na mikono. Mwashi alikubali. Akasema hilo la chumvi alikuwa akilijua siku zote, ila alipouliza maji matamu yako wapi, mtu alimwonyesha tangi.

Choo chenyewe kipo nyuma ya Gredi ya 9, mtakiona mkitoka. Chai iko tayari pale chini ya mwembe, na imepikwa kwa maji ya tangi. Maswali tuulizane tukiwa tunakunywa.