Kutazama nyota kunalipa nini, na mbona hujajenga?

Hamjambo ndugu zangu. Nikiposti napika, nikiposti theluji ya huku Kanada, swali kwenye maoni ni lile lile: "Hiyo kazi ya kutazama nyota inalipa ngapi, na mbona hujajenga?" Nikitaja pesa naringa, nikitaja shida naambiwa nirudi Malindi. Semeni, lakini leo najibu.

Kwanza, nyota sizitazami. Natengeneza vyombo vya wanaozitazama. Kutwa niko maabara nalehemu saketi na kupima amplifaya, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Mawimbi ya redio kutoka angani ni dhaifu mno. Amplifaya ikiwa na kelele zake yenyewe, yaani mawimbi ya ovyo inayoyatoa, yale ya angani yamemezwa. Huku Kanada kuna darubini ya redio iitwayo CHIME, karibu na Penticton. Haizunguki. Ni kama michirizi minne mikubwa ya wavu wa chuma, kila mmoja mita 100 kwa 20, na juu ya yote minne kwa jumla antena 1,024. Dunia ikizunguka, anga linapita lenyewe. Amplifaya zake zimetokana na teknolojia ya simu za mkononi, na kompyuta zake zinatumia vichakataji vilevile vya michezo ya video. Kuna watu walikaa wakayawaza hayo. Ufundi huo ndio ninaoupenda, na sioni haya kusema.

Sasa, chuoni mtu huhesabiwa makala. Anayetumia darubini ameshachapisha matatu, wewe bado unasaka kwa nini kifaa kinapiga kelele baridi ikizidi. Kazi zikitangazwa, anachukuliwa yeye. Ndiyo maana zipo feloshipu za wajenzi wa vyombo, kama ile ya Dunlap pale Toronto. Yangu si hiyo, msije mkawaandikia kuniulizia! Unamaliza uzamifu (PhD), unalipwa miaka michache ufuate wazo lako, na unapewa fungu la vifaa. Hilo fungu ndilo linalowachanganya jamaa zangu. Si langu. Hata waya nikinunua natuma risiti. Ami, karo uliyoniomba haiwezi kutoka hapo, na kusema kwako kuwa nimebadilika kumeniuma.

Mshahara ni mshahara, nashukuru. Lakini wanafunzi huku husamehewa kodi kwenye ufadhili wao. Sisi wa baada ya uzamifu, tangu bajeti ya 2010, hatusamehewi. Ondoa pango, ondoa ninachotuma kwa mama. Sijajenga.

Na makaratasi! Kibali cha kazi dola 155. Alama za vidole dola 85, hizo angalau zinakaa miaka 10. Kibali kinafuata mkataba, mkataba ni mfupi, chombo kinachukua muda mrefu kuliko vyote viwili. Kulikuwa na mkutano wa wajenzi wa vyombo, nchi siitaji. Mwenzangu wa Ulaya alikata tiketi akaenda. Mimi nilipewa tarehe ya mahojiano ya viza baada ya mkutano kwisha. Amplifaya niliyoihangaikia ikaelezwa na mtu mwingine jukwaani. Hilo bado halijanitoka.

Na wewe uliyeandika "Mwafrika na nyota wapi na wapi": tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo kwetu, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa astronomia ya eksirei. Ilikuwa ya Wamarekani, Waitaliano wakairusha, na ikaitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo ni kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Mtoto wa Malindi asiambiwe anga si lake.

Je, na wewe uje huku kwa kazi hii? Siwezi kukuamulia, mwenye watoto ana hesabu nyingine, mwenye mkopo nyingine. Mimi ningekuwa naanza leo, ningetazama Afrika Kusini kwanza. Darubini ya redio ya MeerKAT iko kule nyika ya Karoo, sahani 64, na Kenya ni mshirika wa SKA, mradi wa kimataifa wa darubini za redio unaoikuza. Ila ombi lako la feloshipu, popote utakapolipeleka, liseme utajenga nini, kitapima nini ambacho vilivyopo havipimi, na kitagharimu kiasi gani. Wakikuuliza kelele ya amplifaya yako, uwe umeipima kwa mkono wako.