Sauti ya Maji: Mhadhara kuhusu Shairi la Chura la Bashō

Ndugu wasikilizaji,

Mwaka 1686 mshairi wa Kijapani Matsuo Bashō, aliyekuwa amejifunza tafakuri ya Zen, tawi la Ubudha, kwa mtawa Butchō huko Fukagawa, Edo, yaani Tokyo ya leo, alitoa shairi ambalo kwa Kiswahili nalisema hivi: bwawa kongwe, chura ajitosa, sauti ya maji. Kwa Kijapani lote lina mizani 17, yaani limeuzidi kidogo tu mshororo mmoja wa tarbia zetu wenye mizani 16, na sisi tuliolelewa na mashairi ya waadhi tukifika mwisho wake huuliza funzo liko wapi. Nawaomba leo tusilitafute nyuma ya bwawa.

Mwanafunzi wake Shikō amesimulia kwamba vipande viwili vya mwisho vilitangulia kupatikana, kikabaki cha kufungulia. Mwanafunzi mwingine, Kikaku, akapendekeza maua ya manjano ya yamabuki, ambayo washairi wa Japani walikuwa wameyaimba pamoja na chura kwa karne nyingi. Bashō akayaacha, akaweka bwawa kongwe. Kwangu mimi, shairi lilizaliwa hapo: maua yale, pamoja na uzuri wake, yalikuja na kumbukumbu ya mashairi ya wengine, ilhali bwawa halikuwa na sifa yoyote ila kuwapo kwake.

Chura naye mapokeo yalimtaka alie, na kilio chake kisifiwe. Huyu halii, anaruka, na sauti tunayoisikia ni ya maji. Kiswahili kingetushawishi tuseme chubwi, na Kijapani nacho kina utajiri wa maneno ya namna hiyo, lakini Bashō hakuuiga mlio, akatuachia tuusikie wenyewe. Wala hakusema “nilisikia”. Msikilizaji hatajwi, na kwa kuwa hatajwi, kimya cha bwawa, ambacho hakuna aliyekitambua kabla ya chura kuruka, kinatufikia bila mtu wa kutueleza. Dohō, mwanafunzi wake wa jimbo la Iga, aliandika fundisho la mwalimu wake kwamba mambo ya msonobari tujifunze kwa msonobari, na ya mwanzi kwa mwanzi. Akafafanua kuwa maana yake ni kuiacha nafsi na matakwa yake.

Sasa nitalisoma kwa Kijapani, polepole, na baada ya neno la mwisho nitanyamaza kidogo pamoja nanyi: furuike ya, kawazu tobikomu, mizu no oto.