Jina Lililo Chini ya Birika

Huku birika langu la fedha la India likipita mikononi mwenu, nataka kuwaonyesha kwamba chombo kama hiki ni kazi ya sonara wa India, hata kama umbo lake au jina lililo chini yake ni la Kiingereza. Nitaanza na rupia, sarafu ya India, kama ninavyoanza kila mara, na mlionisikia mwaka jana mnivumilie. Mzungu aliyetaka seti ya chai huko India katika miaka ya 1870 mara nyingi alikuwa akinywea fedha iliyokuwa pesa: sarafu ziliyeyushwa, zikafuliwa kuwa bati la fedha, bati likawa birika. Rupia iliyoanza kutolewa mwaka 1835 ilikuwa na gramu 11.66, sehemu 11 kati ya 12 zikiwa fedha halisi, kwa hiyo sonara aliweza kupokea sarafu kwa mizani, kurudisha chombo kwa mizani ile ile, kisha akadai ujira wa nakshi. Waingereza hawakuweka India mfumo rasmi wa chapa za kuthibitisha fedha kama wao wenyewe walivyokuwa nao London, na leo madalali wa minada hutuambia, bila haya, kwamba fedha ya India haina uthibitisho. Mteja aliyepima rupia zake mwenyewe alihitaji uthibitisho gani zaidi?

Mtasema umbo la birika ni la Kiingereza. Ni la Kiingereza, sikatai. Lakini sonara wa Kutch, nchi ya magharibi mwa India iliyotuletea pia wafanyabiashara wengi wa Unguja, alilijaza birika hilo lami ili bati lisipasuke, akaligonga kwa tindo ndogo ndogo mpaka majani na maua yakatambaa kila mahali, ndipo akaiyeyusha lami na kuimwaga. Umbo halikumchosha, nakshi ndiyo iliyomla macho.

Na jina je? P. Orr & Sons, duka la Madras lililojulikana pia kwa saa, lilipiga jina lake chini ya vyombo vilivyojaa miungu ya Kihindu, vile viitwavyo vya swami. Mtaniambia mwenye duka aliwalipa mafundi. Hata mwenye jahazi humlipa nahodha, wala hajigambi kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani.

Kuhusu nakshi za miji mingine, Kashmir na majani yake ya mchinari, mti wa huko, na Lucknow na misitu yake ya minazi, muda hauniruhusu. Aliye na birika langu huko nyuma aligeuze kabla ya kumpa jirani, aisome chapa: OM, Bhuj, mji mkuu wa Kutch. Huyo ni Oomersi Mawji, sonara wa watawala wa Kutch. Lipokeeni kwa mikono miwili, tafadhali, mfuniko umelegea.