Jengo zuri mno halitusaidii

Wamama na wapapa, wadogo zangu mafundi, nimeuona mchoro wa jengo la ubunifu linalotakiwa hapa Lubumbashi. Vioo, viyoyozi, kila kikundi na chumba chake na ufunguo wake. Mtanivumilia, nitasema yaleyale ya kila mwaka: tunajenga mahali pa kufungiana milango.

Kule Marekani, chuo cha MIT kilijenga Jengo namba 20 mwaka 1943, wakati wa vita, kwa utafiti wa rada. La mbao, la harakaharaka, livunjwe vita vikiisha. Likasimama hadi 1998! Wakati wa joto linachoma, wakati wa baridi upepo unapenya. Lakini kwa kuwa hakuna aliyelionea huruma, ukitaka kupitisha waya unatoboa ukuta, barua huandiki. Mwanafizikia Jerrold Zacharias alipokuwa akiunda saa ya atomu mle ndani, mtambo ulikuwa mrefu kupita chumba. Wakaondoa sakafu za juu. Kwenye vioo vyenu, nani ataruhusiwa kupiga hata msumari? Na mle ndani Noam Chomsky na wanaisimu wenzake walipakana na wahandisi wa umeme. Wanapishana koridoni, miadi hawana.

Kuna atakayesema: "Papa, hao wana pesa." Pesa gani, kwenye mbao? Nendeni Kenya, komini yetu, si ile nchi. Fundi wa kulehemu anaunda mashine ya kusaga mahindi kando ya barabara, maana ndani hapatoshi. Mama muuza unga anapita, beseni kichwani, anasimama: "Huu mdomo uko juu hivi, gunia nitaliinuaje?" Fundi anabisha kidogo, anacheka, anafupisha miguu palepale. Jirani wa pikipiki analeta vipande vya tairi vya kupunguza mtikisiko. Nani aliitisha mkutano? Katika jengo lenu mama huyo angeishia kwa mlinzi.

"Tuna WhatsApp." Sawa, lakini kwenye kikundi umeweka unaowajua. Thomas Allen, wa MIT hukohuko, aliwachunguza wahandisi: kadiri meza zinavyoachana ndivyo wanavyozungumza kidogo, na ikizidi kama mita 50 ni nadra kabisa.

Nilitaka kusema pia juu ya wakubwa, maana cheo nacho ni ukuta: kijana ameona kosa, chefu ameshatoa neno, ananyamaza. Hilo lina mhadhara wake. Umeme na bei ya mabati navyo naviacha, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali, tuanze na waliokaa nyuma.