Kishikizo cha Darubini ya Bunduki Kinachofunguka Upesi: Namna ya Kukichagua na Kukipima

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Vishikizo hivi vinavyofunguliwa kwa mkono husifiwa kwa wepesi wa kuvua darubini, nami naona sifa hiyo imewekwa pasipostahili. Kuvua ni rahisi. Kazi ngumu ni kurudi, yaani darubini ikirudishwa kwenye bunduki, risasi ipige palepale ilipokuwa ikipiga kabla haijavuliwa.

Tupige hesabu. Chukulia pete mbili za darubini zimeachana milimita 130. Ncha moja ikikaa pembeni kwa milimita 0.05 tu, unene wa unywele mwembamba, mstari wa kulenga umepinda karibu miliradiani (kipimo kidogo cha pembe) 0.4. Kwenye mita 100 risasi imekosea sentimita 4; kwenye mita 300 imekosea karibu sentimita 12. Chembe moja ya vumbi chini ya taya za kishikizo, zile zinazoikamata bunduki, inatosha kuleta hasara hiyo.

Kwa sababu hiyo tuanze na reli, yaani ukanda wenye mifereji juu ya bunduki ambao kishikizo hukalia, maana kishikizo kizuri kwenye reli mbovu ni fedha iliyopotea. Reli ya Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliiwekea vipimo mwaka 1995 kwa jina la MIL-STD-1913, ina mifereji yenye upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji hadi katikati ya unaofuata ni milimita 10.01. Weaver ni ya zamani zaidi. Mifereji yake ni ya milimita 4.57, na nafasi baina yake hutofautiana. Kishikizo cha Weaver kitakaa kwenye Picatinny kikiacha pengo la zaidi ya nusu milimita ndani ya mfereji, ilhali cha Picatinny mara nyingi hakiingii kabisa kwenye Weaver. Piteni na kipimo cha kalipa mpime reli yenu kabla ya kununua chochote. Na msikubali kishikizo kimoja kikanyage reli ya mwili wa bunduki na reli ya kishikio cha mbele kwa pamoja: sehemu hizo mbili hazitulii kama kitu kimoja bunduki inapopata joto au inapoegemezwa.

Sasa kishikizo chenyewe. Kama darubini itavuliwa mara kwa mara, chagueni kilichochongwa kipande kimoja, pete zote mbili zikiwa juu ya kitako kimoja. Pete mbili zinazojitegemea hurudi kila moja kwa njia yake, na tofauti baina yao hupinda bomba la darubini. Kipenyo cha pete kilingane na bomba: milimita 25.4, 30 au 34. Skrubu za pete kwa kawaida hukazwa kati ya Newton-mita 1.7 na 2, zikiwa kavu, isipokuwa mtengenezaji ametaja kipimo kingine. Skrubu iliyopakwa mafuta hubana zaidi kwa nguvu ileile ya spana, na hapo ndipo bomba hubonyea.

Baadhi ya vishikizo hufungwa kwa nati kubwa ya kuzungusha kwa vidole. Ni imara, ila mkono wa leo haukazi kama wa jana. Vingine hufungwa kwa wenzo, ambao hutoa mkazo uleule kila mara, mradi umerekebishwa vizuri. Legezeni nati yake kwanza, kisha mkaze kidogo kidogo mkiujaribu. Wenzo uanze kukataa ukifika karibu nusu ya safari yake, na umalizie kwa nguvu ya kidole gumba. Ukifunga bila ubishi wowote, teke la bunduki litausogeza. Ukihitaji koleo, umezidi. Taya zitatia makovu reli ya alumini, na kila mara zitakalia kovu jipya. Wenzo uwe na kufuli dogo la kuuzuia usifunguke ukinaswa na mkanda au tawi, na usikae mahali utakapogongana na kipini cha kukokia au njia ya maganda.

Kabla ya kurudisha darubini, toeni magazini, fungueni chemba, mtazame na mguse kwa kidole kuhakikisha ni tupu. Futeni reli na taya. Wekeni kishikizo kwenye mfereji uleule, ambao ni vyema kuutia alama ya rangi, kisha kisukumeni mbele kuelekea mdomo wa mtutu mpaka kijino cha chini kigote kwenye ukuta wa mfereji, ndipo mfunge. Bunduki inaporudi nyuma, darubini hubaki ikivutwa mbele; kama kijino hakijagota, risasi ya kwanza ndiyo itakayokigotesha, na shabaha imeshahama. Kama nyenzo ni mbili, anzeni na ileile siku zote.

Jaribio la mwisho ni la uwanjani. Pigeni risasi 5 kwenye karatasi moja bila kugusa darubini. Kwenye karatasi ya pili pigeni 5, mkiivua na kuirudisha baada ya kila risasi, mtutu ukiachwa upoe kwa kiasi kilekile. Rudieni yote mara moja zaidi, kwa kuwa kundi moja la risasi 5 hudanganya. Kundi la pili likiwa pana waziwazi kuliko la kwanza, kishikizo hakirudi. Makundi yakilingana kwa upana lakini kitovu kimehama, kuna uwezekano mkubwa kwamba mara ya kwanza hakikukaa sawasawa. Rekebisheni shabaha upya kisha mpime tena. Risasi zikitawanyika kushoto na kulia, kagueni kwanza taya na mkazo wa wenzo. Zikipanda na kushuka, tafuteni uchafu au chubuko kwenye uso wa juu wa reli.

Na kama mnaivua darubini ili mlenge kwa shabaha za chuma zilizo kwenye bunduki yenyewe, hizo nazo zipigiwe risasi na kurekebishwa siku hiyohiyo, kwa risasi za aina ileile.