Ngozi ya Kuku: Kwa Kipimo au kwa Shibe?

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kueleza mambo matano ambayo mtu anayepunguza wanga anapaswa kuyafahamu kuhusu mafuta, lakini Bakari ameingia studio na jambo linalomkereketa tangu Jumamosi, nanyi mnamfahamu: hatutasonga mbele kabla hajalisema.

BAKARI: Nilialikwa chakula cha usiku, dada Mwanaidi. Mwenyeji wangu alikuwa amesikia kwamba nimeacha wanga, kwa hiyo akanitengea kipande changu peke yangu, paja kubwa la kuku ambalo alikuwa ameliambua ngozi yote kabla ya kulipika. Alifanya hivyo kwa upendo, nami nikala na kushukuru, huku wenzangu mezani wakitafuna ngozi iliyokauka vizuri hata nikawa nausikia mlio wake. Ninachouliza ni hiki: kwa nini watu wakisikia kwamba fulani anaangalia mlo wake, kitu cha kwanza kumwondolea ni ngozi, ambayo haina wanga hata chembe?

MWANAIDI: Kwa sababu kwa miaka mingi ushauri uliotawala ulikuwa wa kupunguza mafuta, na katika kuku mafuta yako hasa kwenye ngozi. Mwenyeji wako alifuata kwa uaminifu masharti ya mlo ambao si wako. Gramu 100 za ngozi iliyookwa zina takriban gramu 40 za mafuta na gramu 20 za protini, na wanga hakuna. Mtu aliyejiwekea gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku hawezi kuuvuruga mpango wake kwa ngozi yenyewe. Kinachouvuruga ni unga wa ngano au chenga za mkate zinazopakwa juu yake, pamoja na sosi zenye sukari ambazo watu hawazihesabu.

BAKARI: Na ngozi ya kuku wa kuchemsha, ile laini inayoteleza, nayo unaihesabu kuwa chakula?

MWANAIDI: Ni chakula, ila inamkatisha tamaa mlaji, na mtu aliyekatishwa tamaa hurudi kwenye mkate. Kwa hiyo niruhusu nieleze upishi kwa kifupi kabla hatujaingia kwenye yale mambo matano. Ngozi ni maji, mafuta na kolajeni, ile protini inayoipa ngozi ugumu, na haiwezi kukauka mpaka maji yake yatoke. Ifute kwa karatasi ya jikoni, ipake chumvi, kisha iache ndani ya jokofu usiku kucha bila kuifunika. Siku ya pili weka paja kwenye kikaango kilicho baridi, ngozi ikiwa chini, halafu uwashe moto mdogo.

BAKARI: Kikaango baridi? Mimi hukipasha moto kwanza, na ngozi yangu hupata rangi upesi.

MWANAIDI: Inapata rangi kwa nje huku mafuta yakiwa bado yamekwama chini yake, na ndiyo maana ikikaa mezani kidogo inalegea. Moto ukipanda taratibu, mafuta huyeyuka na kutoka, kolajeni hulainika na kuwa jelatini, kisha ngozi iliyobaki hukaangika ndani ya mafuta yake yenyewe bila kuongezwa hata tone. Ukianza na moto mkali, unaifunga juu kabla ya kazi hiyo kufanyika.

BAKARI: Lakini nyama ya paja inahitaji muda, na ndani inapaswa kufika nyuzi joto 74 ili iwe salama. Ngozi ikikaa chini kwa moto mdogo muda wote huo, haitaungua?

MWANAIDI: Haiungui ukiigeuza inapokaribia kuwa ya dhahabu, ukaumalizia upande wa nyama. Na usiifunike kwa mfuniko, kwa sababu mvuke utairudishia maji uliyohangaika kuyatoa tangu jana yake.

BAKARI: Mafuta yanayobaki kikaangoni unayafanyia nini?

MWANAIDI: Nayakaangia mboga za majani, kwa furaha kubwa.

BAKARI: Basi hapo ndipo tunapoachana, dada yangu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Gramu 100 za ngozi iliyookwa zinakaribia kilokalori 450, na kiasi hichohicho cha kidari kisicho na ngozi kina kama 165. Ukila ngozi, kisha ukakaangia mboga mafuta yaliyotoka humo, umekula vyote viwili. Kutokuwa na wanga hakukifanyi chakula kikose uzito.

MWANAIDI: Nani hula gramu 100 za ngozi peke yake? Ngozi ya paja moja ni sehemu ndogo ya kiasi hicho, nayo inashibisha kiasi kwamba mtu haendi kutafuta biskuti baada ya saa moja. Faida kubwa ya mlo huu, kwa maoni yangu, ni kumwondolea mtu utumwa wa mizani. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 609 kwa miezi 12, ukiongozwa na Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford. Washiriki hawakuwekewa kikomo cha kalori, na bado kundi la wanga kidogo lilipungua uzito.

BAKARI: Na kundi la mafuta kidogo lilipungua karibu sawa nalo! Utafiti huohuo haukupata tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili, kwa hiyo huwezi kuutumia kuitetea ngozi. Tena mlo wa ketojeniki, yaani ule wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, ulipoanzishwa mwaka 1921, Russell Wilder alipoupendekeza katika Mayo Clinic, ulikuwa tiba ya kifafa, na katika tiba hiyo chakula hupimwa kwa gramu.

MWANAIDI: Hiyo ni tiba ya wagonjwa wenye kifafa, wala si mtu anayetaka kupunguza kiuno. Huwezi kuchukua masharti ya wodini ukayaweka juu ya meza ya familia.

BAKARI: Na kolesteroli je? Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba, aina inayopandisha kolesteroli, yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na wapo watu ambao wakipunguza wanga kolesteroli yao ya LDL, ile inayoitwa mbaya, hupanda sana.

MWANAIDI: Wapo, na wanapaswa kupima damu na kuyafuata majibu yao. Lakini mafuta ya kuku si siagi. Yaliyoshiba ni karibu theluthi moja tu, na sehemu kubwa zaidi ni ya aina iliyomo kwa wingi katika mafuta ya zeituni.

BAKARI: Theluthi ya mafuta mengi bado ni mengi. Mimi nitaendelea kula ngozi, ila kwa kipimo.

MWANAIDI: Nami nitaendelea kula mpaka nishibe, kisha niache. Hujanishawishi, Bakari.

BAKARI: Wala wewe hujanishawishi. Ninaona fundi wetu ananyoosha mkono kuonyesha kwamba tumebakiwa na dakika moja, na yale mambo matano hatujagusa hata moja.

MWANAIDI: Tuyaache, isipokuwa lile la tano, kwa sababu haliwezi kungoja wiki ijayo. Msikilizaji wetu, ikiwa unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari, usipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa kuwa kipimo cha dawa kilichokufaa wakati ukila wanga mwingi kinaweza kuishusha sukari yako kupita kiasi. Mpigie kwanza, kisha ndipo uje tubishane kuhusu kikaango. Kwaherini.