Majani Matupu: Kwa Nini Dafodili Zimegoma Kuchanua

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rehema, na huyu aliyekaa mbele yangu na kisu mkononi ni Bakari. Mdogo wangu, kisu cha nini studio?

BAKARI: Usiogope, dada. Nimekuja na tunguu moja la tulipu na ubao wa jikoni. Nataka nilipasue hapa hapa.

REHEMA: Watu wanatusikia tu, hawatuoni.

BAKARI: Nitawasimulia. Lakini soma kwanza ule ujumbe.

REHEMA: Haya. Msikilizaji wetu mmoja anauliza hivi, nafupisha: alipanda dafodili, maua ya machipuko yanayoota kwenye matunguu kama tulipu, kando ya ukuta. Mwaka wa kwanza zilichanua zote, akajisifu kwa majirani. Mwaka wa pili akapata maua manne. Mwaka huu, majani matupu. Anataka kujua amekosea wapi.

BAKARI: Mwaka huu hajakosea kitu. Kosa ni la mwaka jana, huenda hata la juzi.

REHEMA: Eleza hapo taratibu, maana wengi ndipo wanapopotea. Mtu akiona ua halikutoka, mbio kutia maji na mbolea wiki ileile.

BAKARI: Na amechelewa kwa karibu mwaka mzima. Ngoja nipasue.

[Kisu kinagonga ubao]

BAKARI: Kwa nje ukilitazama ni kama kitunguu, ila ganda lake ni la kahawia, limekauka kama karatasi ya kaki.

REHEMA: Si ndiyo maana kitunguu kikaitwa kitunguu? Ni tunguu dogo. Wazee walishamaliza somo la botania siku nyingi.

BAKARI: Sasa nimelipasua kwa urefu, kutoka ncha hadi kitako. Ndani kuna magamba meupe manene, moja limelikumbatia jingine. Hayo ndiyo ghala, chakula chote kimo humo. Halafu katikati kabisa, hebu sogea dada, unaona?

REHEMA: Naona kichipukizi cha manjano. Na juu yake kuna kitu kama punje ya mtama.

BAKARI: Hilo ndilo ua. Shika lenzi.

REHEMA: Subhanallah. Petali hizi hapa. Moja, mbili... sita. Na vile vijiti vya chavua navyo vimo.

BAKARI: Navyo ni sita. Tunguu hili halijagusa udongo, halijaonja tone la maji, na ua lake limeshaumbwa lote. Kilichobaki ni baridi, mizizi na kurefuka. Ukilipanda majira ya mapukutiko, unapanda ua lililokwisha kutungwa.

REHEMA: Kwa hiyo kama punje ile haimo ndani...

BAKARI: Hata ulimwagilie asali, utavuna majani. Na dafodili huanza mapema kuliko tulipu. Majani ya mwaka huu yakiwa bado mabichi, ua la mwakani linaanza kuumbwa chini huko. Ndiyo maana nataka nimuulize msikilizaji wetu: maua yalipokwisha ule mwaka wa kwanza, majani uliyafanya nini?

REHEMA: Nadhani jibu analijua, na anaona haya. Aliyakata.

BAKARI: Au aliyafunga kama mimi.

REHEMA: Kumbe! Toa ushahidi wako.

BAKARI: Mwaka wangu wa kwanza niliyaona yamelala ovyo baada ya maua, yananiharibia bustani. Nikayakunja, nikayafunga mafundo kwa kamba ya katani, fundo baada ya fundo, mstari mzima. Yakapendeza mno, utadhani wanafunzi wamesukwa nywele kwa ajili ya sherehe. Nikapiga picha. Mwaka uliofuata sikupata ua hata moja kwenye mstari ule.

REHEMA: Kwa sababu jani lililokunjwa halipati jua.

BAKARI: Na bila jua halipiki chakula, ghala linabaki tupu. Yaache angalau wiki sita baada ya maua kunyauka, na hapo tunasema uchache. Mimi siku hizi nasubiri mpaka yageuke manjano, nikiyavuta kidogo yaachie yenyewe. Kama umepanda katikati ya nyasi, basi hata mashine ya kukata nyasi isipite hapo mpaka muda huo uishe. Watu hawapendi kusikia hili.

REHEMA: Mimi mmojawapo. Wiki sita za kutazama majani yanayooza, Bakari!

BAKARI: Panda kitu mbele yake kinachochipua wakati huo, kifunike aibu. Kinachokatwa ni ua lililonyauka, pamoja na kile kifuko kinachovimba chini yake, maana tunguu likianza kulea mbegu linakula akiba yake lenyewe. Ua ondoa, jani acha. Na kama ni mbolea, tia wakati majani ni mabichi, yenye potashi nyingi na naitrojeni kidogo.

REHEMA: Tuongeze jambo moja kwa msikilizaji. Huenda majani hakuyagusa kabisa. Dafodili huzaa matunguu madogo ubavuni, na baada ya miaka kadhaa yanasongamana. Kila moja linapata chakula kiduchu, hakuna linalofikia kuchanua. Majani yakishakauka, fukua, uyatenganishe, uyapande kwa nafasi. Ukipanda juu juu, nako kugawanyika kunazidi.

BAKARI: Kina chake ni mara tatu ya kimo cha tunguu. Tunguu la sentimita tano, shimo la sentimita kumi na tano. Watu wengi huishia nusu ya hapo, mkono ukichoka.

REHEMA: Na ncha juu, kitako chini.

BAKARI: Ukishindwa kujua juu ni wapi, lilaze ubavu. Litajinyoosha lenyewe.

REHEMA: Hapo nina hadithi ya krokasi, kale kaua kafupi ka machipuko, ambayo kwa kweli si tunguu lenye magamba. Ukilikata ndani ni nyama tupu, kama kiazi. Kila mwaka linazaliwa jipya juu ya mgongo wa lile kuukuu, na kuukuu linasinyaa. Sasa piga hesabu: kila mwaka ngazi moja juu. Si baada ya miaka michache lingekuwa limetokeza nje?

BAKARI: Ingekuwa hivyo.

REHEMA: Halitokezi. Lina mizizi maalumu, minene, ambayo ikishika udongo inajikunja kama makunyanzi ya mkono wa shati na kulivuta chini. Niliwahi kufukua moja, nikaiona ile mikunjo kwa macho yangu. Nikalirudisha haraka, nikaona kama nimemfungulia mtu mlango akiwa anaoga.

BAKARI: [anacheka] Haya, turudi kwa tulipu, maana wanaoipanda nao wanauliza. Hapa majani si kisa pekee.

REHEMA: Tulipu mimi nimekata tamaa nayo. Mwaka wa kwanza bibi harusi, mwaka wa pili jani moja pana, basi.

BAKARI: Lile jani moja pana ndilo jibu. Hili nililopasua, kama ningelipanda, lingekufa baada ya kuchanua. Tunguu mama la tulipu huliwa lote na ua lake, likaacha mabinti. Dafodili mama anaishi, tulipu mama haishi. Mwaka wa pili unawatazama mabinti. Kama mama ameacha binti mmoja mkubwa, utapata ua. Kama ameacha wanne wadogo, utapata jani moja kwa kila mmoja. Wauzaji hupima mzingo wa tunguu kwa sentimita, na yanayoaminika ni ya 12 kwenda juu.

REHEMA: Na kinachofanya mabinti wawe wadogo ni nini?

BAKARI: Mara nyingi ni maji ya kiangazi. Tulipu za mwituni nyingi ni za milima ya Asia ya Kati. Huko baridi ni kali, machipuko ni mafupi, halafu kiangazi ni kikavu na cha moto. Tunguu limezoea kulala pakavu. Wewe unalimwagilia pamoja na mawaridi mwezi wa saba.

REHEMA: Usininyooshee kisu.

BAKARI: Samahani. Dawa yake ni kulifukua majani yakishageuka manjano, ulitunze kavu kwenye mfuko wa wavu, kivulini, penye hewa, ulirudishe ardhini baadaye. Ukiona kazi hiyo ni kubwa, panda tulipu fupi za asili kama Tulipa tarda, kwenye udongo usiotuamisha maji. Hizo hurudi kila mwaka. Zile kubwa za mapambo mimi nazihesabu kuwa za msimu mmoja, roho inatulia.

REHEMA: Na wanaoishi pasipo na baridi kabisa?

BAKARI: Friji. Tulipu inahitaji wiki kama 12 hadi 16 za baridi iliyo chini ya nyuzi 10, bila kugandishwa. Ila matunda yasikae humo. Tufaha likiiva linatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaiua ile punje uliyoihesabu petali. Kwa nje tunguu linabaki zuri kabisa, hujui kitu mpaka machipuko. Asiyetaka usumbufu huo apande amarilisi, ua jingine la tunguu, haidai baridi hiyo.

REHEMA: Na miezi jamani, wa kusini mwa ikweta wageuze. Kaskazini dafodili hupandwa Septemba, tulipu husubiri hadi Novemba, maana ubaridi wa udongo hupunguza ukungu unaounguza majani yake. Kusini ni kuanzia Machi hadi Mei.

BAKARI: Panya nao?

REHEMA: Kindi na panya wanafukua tulipu na krokasi usiku huohuo. Weka wavu wa waya juu ya shimo. Dafodili hawaigusi, ina sumu. Ndiyo sababu usiyahifadhi matunguu yake karibu na vitunguu vya jikoni, watu wameshaugua kwa kuchanganya. Hata kwenye chombo cha maua, ute wake hudhoofisha tulipu iliyo pembeni. Dafodili zikae peke yake saa kadhaa, ndipo uchanganye, na usizikate tena vikonyo.

BAKARI: Kabla hatujafunga, sema na la vichaka.

REHEMA: La vichaka ni aibu yangu. Nina fosithia, ile inayojaa maua ya manjano kabla haijatoa majani. Mwaka mmoja, baridi ikiwa bado haijaisha, nikachukua mkasi nikaipunguza kila upande ikawa mviringo kama chungwa. Machipuko yalipofika, ilikuwa na maua saba. Nilihesabu. Matumba yake yalikuwa kwenye matawi ya mwaka uliopita, na matawi hayo nilikuwa nimeshayatupa kwenye mboji. Lilaki ni hivyo hivyo. Vinapogolewa maua yakishanyauka tu, si baadaye.

BAKARI: Kumbe sote wawili tumewahi kuua maua tukidhani tunasafisha.

REHEMA: Tena kwa bidii. Sasa hilo tunguu ulilolipasua utalifanya nini?

BAKARI: Nitazipanda nusu zote mbili.

REHEMA: Litaoza, Bakari.

BAKARI: Hiasinti, ua jingine la tunguu, si huchanjwa kitako makusudi, zikazaa vitoto kwenye jeraha?

REHEMA: Hiasinti, ndiyo. Hiyo ni tulipu, na umeipasua hadi moyoni.

BAKARI: Nitaipanda, dada. Kwenye chungu kidogo, nione.